Pasaka usipoipika nyumbani haipo: mwongozo wa likizo ya machipuko kwa familia zetu za Utah

Mwaka wetu wa kwanza hapa Bonde la Salt Lake, Ijumaa Kuu niliwavalisha watoto nguo za kutokea tukaenda kanisani. Tulikuta mlango umefungwa na maegesho hayana gari hata moja. Mimi nimelelewa Tabora kwa Wamoraviani. Kwetu Ijumaa Kuu ni siku ya ibada, na alfajiri ya Pasaka mnaamshwa na matarumbeta, mnaelekea makaburini gizani, mnaimba mpaka jua linawakuta huko. Nilikaa kwenye usukani nikaitazama kalenda ya simu mara mbili, nikidhani nimekosea tarehe.

Tarehe ilikuwa sahihi. Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho (majirani bado wanatuita Wamormoni, ingawa mwaka 2018 Rais Russell M. Nelson aliomba jina kamili litumike) halina Kwaresima, halina Jumatano ya Majivu, halina mkesha wa Pasaka. Ijumaa Kuu watu wanakwenda kazini kama kawaida. Inabaki Jumapili, na tangu 2023 Jumapili hiyo ya Pasaka ni mkutano wa sakramenti peke yake, muda wa saa moja, kisha mnaambiwa rudini mkasherehekee na familia.

Mwanzoni nililiona kama baridi ya watu wa huku. Sasa nimeelewa kwamba sehemu kubwa ya sikukuu wameikabidhi kwa nyumba. Shida ni kwamba hakuna anayekupa maelekezo ya namna ya kuifanya, na ukizubaa, watoto watakua wakijua kwamba Pasaka ni sungura na pipi. Na juu ya hayo, shule nazo zinafunga wiki nzima kipindi hichohicho. Haya ndiyo tunayofanya sisi, baada ya kuharibu mara kadhaa.

Hatua ya 1: Andika kalenda tatu kwenye karatasi moja

Fanya hivi mwezi wa pili, usisubiri Machi. Utahitaji tarehe za vitu vitatu: Pasaka, Mkutano Mkuu wa kanisa (hotuba za viongozi ambazo wengi wetu tunazitazama kwenye televisheni), na likizo ya machipuko ya shule.

Pasaka inahama. Ni Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kwanza kuanzia Machi 21, kwa hiyo inaweza kuangukia popote kati ya Machi 22 na Aprili 25. Mkutano Mkuu wenyewe huwa ni wikendi ya Jumapili ya kwanza ya Aprili. Likizo ya shule kila wilaya ya shule inajipangia, na haifuati Pasaka wala Mkutano. Wenye watoto kwenye wilaya mbili tofauti, poleni. Mnaweza kupata wiki mbili zisizolingana.

Tazama inavyocheza. Mwaka 2024 Pasaka ilikuwa Machi 31 na Mkutano Aprili 6 na 7. Mwaka 2025 Mkutano ulitangulia, Aprili 5 na 6, Pasaka ikaja Aprili 20. Mwaka 2026 vyote viwili ni Aprili 5. Mwaka 2027 Pasaka inarudi nyuma hadi Machi 28, Mkutano Aprili 3 na 4. Vikigongana, Jumapili ya Pasaka hakuna kwenda kanisani kabisa, mnakaa mbele ya televisheni. Ndipo kupanga kunapohitajika zaidi, maana hata ule muda wa saa moja wa sakramenti haupo siku hiyo.

Kwenye karatasi hiyohiyo ongeza Jumapili ya mfungo. Kwa kawaida tunafunga Jumapili ya kwanza ya mwezi, milo miwili, na thamani yake tunaitoa kama matoleo ya mfungo. Aprili, kwa sababu ya Mkutano, mfungo husogezwa. Muulize askofu au rais wa tawi lako mapema. Sisi mwaka mmoja tulifunga peke yetu wakati majirani wanaoka mikate.

Hatua ya 2: Hesabu chakula cha mchana kabla ya kitu kingine

Hii hakuna anayeitaja, na ndiyo inayoumiza. Watoto wako watatu wakila shuleni asubuhi na mchana, wiki ya likizo inakudai milo thelathini ambayo hukuwa ukiipika wala kuinunua. Ongeza na vitafunio, maana mtoto aliye nyumbani hufungua friji kila baada ya nusu saa kana kwamba kuna kitu kipya kimezaliwa humo.

Wiki moja kabla, napika sufuria kubwa ya maharage na kuyagandisha kwenye vyombo vidogo. Chapati nazigandisha mbichi, zikiwa zimetenganishwa kwa karatasi ya kuokea. Bonde hili lina mwinuko wa kama mita 1,300 hivi, karibu sawa na Tabora, kwa hiyo kwangu maharage yanaiva kwa muda uleule. Aliyezoea kupika Dar au Mombasa ndiye atakayeshangaa: maji yanachemka kabla hayajafika nyuzi 100, na maharage yanachukua muda mrefu zaidi. Yaloweke usiku kucha.

Mambo yakiwa magumu, sema. Kanisa lina maghala ya chakula, na msaada unapitia kwa askofu au rais wa tawi pamoja na rais wa Muungano wa Usaidizi wa kina mama. Akina mama wetu wengi huona haya kuomba. Lakini yale matoleo ya mfungo unayotoa kila mwezi yanakwenda hukohuko kusaidia wenye uhitaji. Mwezi huu mwenye uhitaji ni wewe, mwezi ujao mwingine.

Lingine la kupanga mapema ni nani atakaa na watoto. Baba watoto wangu anafanya kazi ghalani usiku, mimi mchana. Tulipata jawabu kwa kuunganisha familia tatu kwa zamu: kila mama anaomba siku moja au mbili za mapumziko, siku zake anakaa na watoto wote. Watoto tisa kwenye nyumba moja ni vurugu, siwadanganyi, lakini ni siku moja, na kesho yake unakwenda kazini ukiwa umetulia.

Hatua ya 3: Wiki ya likizo, jambo moja kila asubuhi

Majirani wengi wenye uwezo wanashuka kusini, St. George au Moab, kutafuta joto. Sisi tunabaki. Mwaka wa kwanza nilitengeneza ratiba ya rangi, saa kwa saa, nikaibandika kwenye friji. Jumanne saa tano ilikuwa imeshakufa. Sasa nina kanuni moja: kabla ya televisheni kuwashwa, jambo moja liwe limefanyika. Moja tu. Likiisha saa nne, bahati yao.

Jumatatu ni kusafisha, na jioni yake ni jioni ya familia nyumbani, ambayo kanisa limeitenga Jumatatu tangu 1970. Tunasoma sehemu ya wiki hiyo kwenye *Njoo, Unifuate*, kitabu cha kanisa cha masomo ya nyumbani, tunacheza, tunakula kitu kitamu.

Siku nyingine ni bustani. Usidanganywe na jua la Machi. Theluji ya Aprili hapa ni jambo la kawaida. Panda vinavyovumilia baridi: njegere, spinachi, vitunguu, sukuma wiki. Mchicha, ambao jamaa zetu wa Kongo wanauita lengalenga, pamoja na nyanya, uache mpaka katikati ya Mei udongo upate joto. Mwaka juzi nilijifanya najua, nikapanda mchicha likizoni. Uliota, ukapigwa na umande ulioganda usiku mmoja, asubuhi ukawa kama mboga iliyochemshwa.

Siku ya kutoka iwe moja. Temple Square katikati ya mji ina maua ya tulipu wakati huo, na treni ya TRAX haina nauli katika eneo la katikati ya jiji. Hekalu lenyewe la Salt Lake, lililowekwa wakfu Aprili 6, 1893, lilifungwa mwishoni mwa 2019 ili liimarishwe dhidi ya tetemeko la ardhi, na kanisa limetangaza kwamba kuanzia Aprili hadi Oktoba 2027 watu wote wataruhusiwa kuingia kulitazama, waumini na wasio waumini. Mwenye wageni wa kuwaalika awaalike kipindi hicho. Wenye gari wanaweza kwenda Antelope Island kuwaona nyati wa Kimarekani, ambao kumi na wawili wa kwanza waliletwa kisiwani 1893. Nendeni asubuhi. Joto likipanda, usubi wa kule unauma mpaka ndani ya nywele.

Ila siku ninayoipenda kuliko zote ni ya kumpigia bibi.

Kanisa hili linathamini sana nasaba. Maktaba ya FamilySearch iko mkabala na Temple Square, kuingia ni bure (Jumapili imefungwa), na Wamarekani wanakaa humo wakifuatilia babu zao kwenye vitabu vya parokia za Uingereza vya miaka 400 iliyopita. Sisi tuna nini? Cheti cha kliniki, na mara nyingine hata hicho kilipotea njiani. Kwa walioishi kambi za wakimbizi, tarehe ya kuzaliwa iliyoandikwa mara nyingi ni Januari 1 kwa familia nzima. Vitabu vyetu ni watu, na wanazeeka.

Kwa hiyo fanya hivi. Piga simu saa mbili asubuhi ya Utah. Kuanzia Jumapili ya pili ya Machi saa za huku zikishasogezwa mbele, Tanzania na Kenya ziko mbele yetu saa tisa, kwa hiyo kwa bibi ni saa kumi na moja jioni: ameshapumzika, bado hajaingia jikoni. Mashariki mwa Kongo ni tofauti ya saa nane. Mpe kila mtoto swali moja aliloandika mwenyewe, kwa Kiswahili, na amwamkie kwanza. Simu moja inapiga, nyingine inarekodi pembeni. Usiulize mwaka; uliza tukio. Mwanangu mdogo alipouliza, "Shikamoo bibi, ulizaliwa lini?" alijibiwa, "Marahaba mjukuu wangu, mwaka ule wa nzige." Kimya. Mkubwa akaingilia: "Bibi, nzige walipokuja, nani alikuwa ameshazaliwa nyumbani kwenu?" Hapo mlango ukafunguka. Tukapata majina ya dada zake wanne, wawili walikufa wachanga, na hakuna karatasi yoyote duniani iliyowahi kuwaandika. Sauti tukaihifadhi kwenye programu ya FamilySearch, sehemu ya kumbukumbu, na majina tukayaandika kwenye mti wa familia jioni ileile kabla tahajia hazijasahaulika.

Hatua ya 4: Mayai, na sungura umweke wapi

Wako wazazi wa Kiafrika wanaokataa mayai ya Pasaka kabisa. Sibishani nao. Mimi nimeona kwamba mtoto anayekatazwa nyumbani atayapata shuleni na kwa jirani bila maelezo yoyote, kwa hiyo nimeyapa siku yake: Jumamosi. Kutafuta mayai kwenye nyasi, pipi, kelele, vyote Jumamosi. Jumapili ni ya Mwokozi.

Rangi usinunue. Chukua maganda ya vitunguu maji kama kumi, chemsha kwenye lita moja ya maji nusu saa, chuja, tia vijiko viwili vya siki. Mayai meupe yaliyokwisha kuchemshwa yakilala humo usiku mmoja ndani ya friji yanatoka rangi ya tofali, mazuri sana. Manjano inatoa rangi ya jua. Choya nilidhani itatoa nyekundu, maana juisi yake ni nyekundu. Mayai yalitoka kijivu cha samawati kama mawe ya mtoni. Watoto wakasema hayo ni ya kaburi, tukayatumia kwa hilo.

Halafu kuna mayai kumi na mawili ya plastiki, yale yanayofunguka. Haya ni ya hadithi, siyo ya pipi. Kuanzia Jumapili ya Matawi, kila siku mtoto anafungua moja au mawili. Ndani kuna kitu kidogo na aya ya kusoma: jani, sarafu, kipande cha mkate, mwiba, msumari, kitambaa cheupe, jiwe. La mwisho linafunguliwa Jumapili na ndani hamna kitu. Kwa mtoto wa miaka minne hakuna mahubiri yanayoshinda yai lile tupu. Wa kwangu alililia, akidhani kaka yake amekula kilichokuwemo. Ikabidi tuanze kumweleza kwamba ndivyo walivyodhani hata wale akina mama waliokwenda kaburini: kuna mtu amechukua.

Hatua ya 5: Ijumaa Kuu, zima taa

Kwa kuwa kanisani hakuna ibada, saa moja jioni tunafanya ya kwetu. Chakula ni samaki wa kukaanga na ugali. Hakuna sharti lolote la kula samaki kwenye kanisa hili, ni mazoea yangu tu na siyaachi.

Baada ya kula tunasoma kusulubiwa kwenye Luka 23. Kisha tunazima taa zote, tunafunga mapazia, na baba anasoma kwa tochi 3 Nefi 8 kwenye Kitabu cha Mormoni, andiko takatifu la kanisa letu pamoja na Biblia: Kristo alipokufa Yerusalemu, nchi ya mbali upande huu wa dunia ikaingia giza siku tatu, giza zito kiasi kwamba watu hawakuweza kuwasha moto wala mshumaa. Hapo anazima na tochi. Tunakaa gizani kimya dakika tatu, dakika kwa kila siku. Kwa watoto dakika tatu ni nyingi. Wa kati ataanza kucheka, mdogo atatafuta mkono wako. Waache. Hakuna hitimisho, hakuna kuuliza "tumejifunza nini". Sala fupi, wanakwenda kulala kwa taa ndogo ya korido.

Hatua ya 6: Jumamosi, maliza kazi zote

Sabato hatununui kitu. Ukigundua Jumapili kwamba vitunguu vimeisha, basi vimeisha. Kwa hiyo Jumamosi asubuhi mmoja aende dukani na orodha, mwingine asimamie mayai kwenye nyasi. Nguo zipigwe pasi, viatu vipangwe mlangoni, pilau ipikwe mpaka iwe imebaki kupashwa moto tu.

Usiku kanda maandazi. Hapa Utah wikendi ya Mkutano Mkuu na sikukuu watu wengi wanaoka mikate ya mdalasini iliyoviringishwa. Maandazi yanakaa kwenye nafasi ileile bila aibu. Vikombe vinne vya unga wa ngano, nusu kikombe cha sukari, kijiko cha chai kimoja na nusu cha hamira (mwinuko huu unaumua haraka, ukitia viwili unga utazidi kuumuka), kijiko kimoja cha iliki uliyoitwanga mwenyewe, chumvi kidogo. Kandia tui la nazi la vuguvugu, anza na kikombe kimoja na robo, ongeza kidogo kidogo mpaka unga uache mikono. Kanda dakika kumi. Paka mafuta, funika bakuli, weka kwenye friji. Asubuhi utoe, uache kama nusu saa, usukume, ukate, ukaange.

Na chai? Neno la Hekima, sheria yetu ya afya iliyo kwenye kitabu kingine cha maandiko yetu, Mafundisho na Maagano sehemu ya 89, lilifunuliwa 1833, na kwa mafundisho ya kanisa linatukataza majani ya chai na kahawa. Kwa mtu wa pwani au wa Kenya hilo ni msiba mdogo. Dawa yake ni hii: maziwa nusu, maji nusu, tangawizi mbichi iliyopondwa nyingi kuliko unavyodhani inatosha, mdalasini, iliki, punje tatu za pilipili manga. Chemsha mpaka ipande mara tatu. Mgeni atakunywa kikombe cha pili kabla hajagundua kwamba majani hayamo.

Hatua ya 7: Alfajiri

Mapema Aprili jua hapa linachomoza karibu saa moja asubuhi, nyuma ya milima ya Wasatch, kwa hiyo mwanga unatangulia na jua lenyewe unalisubiri. Waamshe saa kumi na mbili. Makoti juu ya nguo za kulalia, blanketi, chupa ya chai.

Sisi tunakwenda kwenye makaburi ya mji, dakika saba kwa gari. Angalia kwanza kibao cha muda wa kufunguliwa. Mwaka mmoja tulikuta geti limefungwa, tukasimama kando ya uzio. Hatuna ndugu aliyezikwa pale. Wa kwetu wamelala Tabora, Uvira, na mmoja kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Tunawataja kwa majina, pamoja sasa na wale dada wawili wa bibi. Tunasoma Yohana 20, Mariamu anapomdhania Yesu kuwa mtunza bustani, halafu 3 Nefi 10:9, giza lilipoondoka ikawa asubuhi. Tunaimba wimbo mmoja. Matarumbeta hakuna, lakini mkubwa anasoma muziki shuleni na mwaka jana alibeba tarumbeta yake. Alipiga noti nne hivi, midomo imeganda kwa baridi, mbwa wa jirani wakajibu. Mzee mmoja wa Kimarekani aliyekuwa akitembea akasimama, akavua kofia, akasubiri tumalize.

Mkirudi, fungueni yai tupu. Kisha maandazi.

Chakula cha mchana alikeni jirani, au kubalini mwaliko. Wenyeji wataleta nyama ya nguruwe ya kuoka, na watakuletea pia viazi wanavyoviita vya msibani: viazi vilivyokwaruzwa, jibini, malai chachu na supu nzito ya kuku, juu yake nafaka za kiamsha kinywa zilizopondwa na siagi. Ni vizito na ni vitamu. Sahani usirudishe tupu, itie pilau.

Wikendi ya Mkutano Mkuu

Kwa wageni: ni hotuba za viongozi kutoka Jumba la Mikutano la Salt Lake, lenye viti kama 21,000, vikao vya saa mbili kila kimoja, saa nne asubuhi na saa nane mchana, Jumamosi na Jumapili. Kuingia ni kwa tiketi za bure zinazopitia vigingi (ndivyo kanisa linavyoita majimbo yake), na watoto chini ya miaka 8 hawaruhusiwi, kwa hiyo familia changa zinatazama nyumbani.

Kikao cha saa nne asubuhi ni saa moja usiku Dar na Nairobi, na saa kumi na mbili jioni Lubumbashi. Hicho ndicho cha kutazama pamoja na ndugu, kila mtu kwake, mkiandikiana. Kile cha saa nane ni saa tano usiku Dar na Nairobi, waacheni walale.

Lugha ndiyo mtihani. Tafsiri ya Kiswahili ipo moja kwa moja kwenye mtandao wa kanisa. Babu anaitaka hiyo, watoto wanataka Kiingereza. Tumeamua: kikao cha asubuhi televisheni inasema Kiswahili na watoto wanavumilia, cha mchana inasema Kiingereza na babu anavaa vipokea sauti vya simu. Baada ya kila hotuba mtu mmoja anaeleza kwa lugha ya upande wa pili alichosikia. Babu akieleza hotuba ya ndoa huwa ndefu kuliko hotuba yenyewe.

Kwa wadogo, mpe kila mmoja karatasi yenye maneno kumi: hekalu, agano, toba, Mwokozi, imani, na kadhalika. Neno likisikika anachukua karanga moja kutoka bakuli la kati. Chagua maneno kwa akili. Nilipoandika "Yesu" bakuli liliisha kabla ya mhubiri wa pili. Hema la mashuka sebuleni linaruhusiwa. Kulala ndani yake pia. Baba yao hulala kwenye kochi mwaka hadi mwaka na hakuna aliyemtenga.

Jumatatu ya kurudi shule

Mayai yaliyokaa nje kwenye nyasi zaidi ya saa mbili yatupwe, hata kama mtoto anaapa kwamba lake lilikuwa kivulini. Yaliyokuwa kwenye friji yana wiki moja. Yakate, kaanga kitunguu na nyanya, tia bizari na tui lililobaki kwenye kopo, yatumbukize; wanabeba na chapati ya mwisho kama chakula cha mchana. Maganda yaponde uyamwage kwenye kitalu ulichotenga kwa nyanya. Nyanya zenyewe, Mei.